Kitambaa Kwenye Stelingi

Alikuwa analisha magari ugali. Ndivyo madereva wa Bariadi tulivyokuwa tukimtania, na yeye hakukasirika, kwa sababu utani ule ulikuwa jirani sana na ukweli. Ukimpelekea lori linalovuja mafuta, hakimbilii spana. Anaiosha pampu kwa dizeli mpaka inatakata, anaifuta, anaiacha ikauke juani. Kisha anachota unga wa udaga kutoka kwenye kopo la maziwa na kuupuliza juu ya pampu hadi yote iwe nyeupe. Hapo ndipo anakwambia uwashe injini. Yeye anachuchumaa mbele, hasemi na mtu, anautazama ule unga. Unapoanza kulowa ndipo penye ugonjwa, na hata ungeleta mafundi kumi wabishane naye, kesi imekwisha.

"Dereva atanidanganya," alikuwa akisema. "Tajiri atanidanganya. Unga wa muhogo unidanganye kwa faida gani?"

Tulimwita fundi, basi. Mafundi walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na jina lake, lakini ukisema fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani. Amezikwa mwaka huu, kabla pamba haijaanza kupasuka. Msibani, nyuma ya turubai, nilimsikia mtu akimweleza mwenzake: "Huyu ndiye aliyeliruhusu lile lori likaua watu wawili kule mteremkoni." Mwenzake akaitikia, "Ahaa, kumbe ndiye huyu." Nilikuwa nimeshika sahani ya wali. Niliiweka chini, sikula tena.

Lori lile nililiendesha mimi. Fundi hakuliruhusu. Nimelijua hilo miaka yote hii na nimekaa nalo kimya, nikala na mtu huyu, nikacheka naye, huku jina lake likioza mikononi mwangu. Nitaeleza ilivyokuwa. Lakini kwanza nataka mumwone mwenyewe, maana nikianza na dhambi yangu mtanitazama mimi na kumsahau yeye, na hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, na mikono mikubwa isiyolingana na kimo chake. Kucha zake sikuwahi kuziona nyeupe. Kanisani alipokea komunyo kwa ulimi, si kwa sababu ya kushika mila za zamani kama wazee wengine, ila aliona haya kumnyooshea padre viganja vile. Alinuka dizeli hata akitoka kuoga. Mkewe alisema siku akinusa sabuni kitandani atajua kaingiliwa na mgeni.

Ulimi huohuo wa komunyo ndio aliopimia mafuta. Akikuta tone chini ya gari, analichovya kwa kidole, analiramba, anatema. "Hii ya injini." Analiramba jingine. "Hii ya stelingi." Tulikunja nyuso, yeye anacheka. Lori la dizeli la zamani lina pampu mbili ambazo dereva hazikumbuki mpaka zimsaliti. Ya stelingi inasukuma mafuta ili usukani uwe mwepesi. Ya vakyumu imebebwa mgongoni mwa altaneta inayochaji betri, ndogo tu, na kazi yake ni kunyonya hewa ili breki ipate nguvu, mguu mmoja wa binadamu uweze kusimamisha tani saba. Zote mbili zinalindwa na kipete chembamba cha mpira kiitwacho sili. Kikichoka, mafuta yanatoka na hewa inaingia, na wewe uko barabarani unapiga mluzi.

Sili ndiyo iliyokuwa vita yake ya maisha. Alianza kazi kwenye karakana ya ushirika, zama ambazo pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja. Wakati ule sili uliiombea barua. Barua inakwenda Mwanza, kutoka Mwanza inakwenda Dar es Salaam, na lori linakaa juu ya matofali hadi kuku wanataga ndani ya kabini. Kisha biashara ikaachwa huru. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani yao, malori ya mtumba yakaja kwa wingi, ushirika ukaanza kukohoa, na siku moja fundi akaambiwa achukue sanduku lake la spana aende nyumbani. Hakwenda mbali. Alisimamisha mabati manne kando ya ukuta wa ghala la zamani la pamba, akaendelea kana kwamba hakuna aliyemfukuza.

Na mwanzoni alifurahi, wala hakuficha. Maduka ya spea yaliota mjini, na ndani yake sili zilikuwa zimepangwa kwenye viboksi vyenye rangi, huandiki barua kwa mtu. Ya kwanza aliyonunua aliibusu mbele yetu. Wiki tatu baadaye aliifungua ile pampu, akaikuta sili imelainika kama jojo. Akanunua ya boksi jingine, nayo hivyo hivyo. Alitembea duka hadi duka akizikunja kwa vidole na kuzinusa, mpaka wenye maduka wakaanza kumfukuza.

"Zamani tulikosa kwa sababu hakuna," aliniambia. "Sasa tunakosa na vitu vimejaa dukani. Bora kule nilijua wa kumlaumu."

Ndipo aliporudi kwenye ngozi. Alikwenda buchani kuchagua ngozi ya shingo ya ng'ombe, ile nene, akaikata duara kwa wembe, akailoweka kwenye mafuta ya mbegu za pamba. Usiku na mchana inakaa ndani ya kopo, mpaka ukiiminya inatoa mafuta kama chapati. Hiyo ndiyo aliyoiweka penye sili. Ilishika, tena ilishika vizuri kuliko zile za viboksi, lakini hakukuruhusu uiamini kupita kiasi. "Huu ni mkongojo," alisema. "Utakufikisha. Usiende nao ngomani." Baada ya safari chache ulitakiwa urudi abadilishe. Wengi walirudi. Waliochelewa walisikia maneno yake.

Maana alikuwa mkali. Kuna dereva mmoja aliyeziba pampu ya stelingi kwa kipande cha sabuni ya mche, akaipaka na grisi juu, ili tajiri wake asione kuwa inavuja. Fundi alipokwangua akaiona ile sabuni, alichukua kipande cha mpira wa redieta akamchapa nacho mgongoni, mtu mzima mwenye wake wawili, mbele za watu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akamwambia. "Kifo chako sikijali. Wale wanaopanda juu ya mzigo wako wamekukosea nini?" Kisha akaikarabati ile pampu bure, na akamtuma mtu amletee yule dereva soda. Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikauma. Sijui nani aliniambia kuwa maneno yale hayanihusu.

Ajabu yake ni kwamba mtu huyu asiyevumilia tone moja chini ya gari, nyumba yake ilivuja kila mahali. Masika mkewe alipanga masufuria sebuleni. "Bora ningekuwa lori," alitwambia siku moja akituletea chai. Fundi akacheka, akasema Jumamosi atapanda juu ya bati. Hizo Jumamosi zilipita nyingi.

Sasa kitambaa.

Lori lililokuwa halijapona alilifunga kitambaa chekundu kwenye stelingi, kipande kilichochanwa kutoka kitenge kikuukuu cha mkewe. Alikizungusha kwenye duara la usukani na kukifunga fundo moja alilojifunza machungani, la kufungia ndama. Ukilivuta linakaza. Ukitaka lifunguke lazima ujue mahali pa kusukuma kwa dole gumba, na hakumwonyesha mtu. Kitambaa kikiwa pale, lori halisogei hata kama tajiri analia machozi. Siku likipona, fundi mwenyewe anapanda, anakifungua, anakaa kando ya dereva, mnatoka naye kulijaribu. Mkirudi anashuka, anapiga mlango kofi mara mbili, anasema: "Haya, nenda. Usikimbie." Hapo ndipo safari yako ilipohesabika kuwa safari.

Watu walisema kitambaa kile kina dawa, kimepitia kwa mfumu, mganga wa kienyeji. Wengine waliapa kuwa kuna aliyekigusa akavimba mkono. Mimi nilimuuliza, yeye Mkatoliki wa jumuiya, kwa nini anawaacha waseme hivyo. Akanijibu kuwa dawa yake ni aibu, lakini kama kuna wasio na aibu, basi waogope kuvimba. Padre mmoja alikuja kuchukua lori la parokia akakikuta kitambaa. Akamwomba, akambembeleza, kuna ibada mbali. Fundi akavua kofia. "Baba, wewe ukinikatalia komunyo nakaa kwenye benchi. Na wewe kaa." Padre akacheka sana, na akakaa.

Katika miaka yote ile hakuna dereva wa Bariadi aliyewahi kukifungua. Tulikuwa walevi wengine, wezi wa dizeli wengine, lakini kitambaa cha fundi tulikiheshimu. Yeye alilijua hilo, na alijivunia kuliko kazi yenyewe.

Msimu wa ajali ile bosi wangu alikuwa na malori mawili ya mtumba, meupe yote, tani saba saba. Kwa mbali yalikuwa pacha. Moja aliendesha mwenzangu, jingine mimi. Yote yalifika kwa fundi wiki moja na ugonjwa mmoja. La kwangu lilikuwa limezidiwa: pampu ya stelingi inachuruzika, ya vakyumu imekata sili, na lilikuja na mzigo mgongoni, magunia ya pamba yamefungwa kamba tayari kwenda kiwandani. Fundi aliyaweka bega kwa bega, akafunga vitambaa viwili vya kitenge kimoja. Alikuwa amefanya kazi siku nyingi bila kupumzika, macho mekundu, akiita spana kwa majina yasiyo yake.

Asubuhi alilimaliza la mwenzangu. Nilimwona akipanda, akifungua kitambaa, wakatoka pamoja kulijaribu barabara ya Maswa. La kwangu hakulisemea neno. Kwa nini aniambie? Kitambaa kilikuwa pale. Kopo la ngozi nililiona kwenye dirisha la ghala, ngozi yangu imo ndani, bado inalowana. Ndani ya pampu alikuwa ameweka kipande kikavu cha ngozi, cha kupimia tu.

Mafundi wengine walikuwa wamekwenda kunywa chai. Bosi alifika kwa miguu, anapangusa jasho.

"Dereva, unangoja nini?"

"Kitambaa, bosi."

"Kitambaa." Alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. "Mimi nina pamba juu ya gari, kiwandani foleni inasogea, wenzangu wanashusha, wewe unaniambia kitambaa. Hili gari ni langu au la fundi?"

"La kwako, bosi."

"Halafu madereva wako wengi hapa Bariadi. Unajua hilo?"

Nilijua. Nilikuwa na watoto watatu na kazi ile ndiyo ilikuwa unga wao. Lakini sitaki kujificha nyuma ya watoto. Wangekula hata kwa kibarua. Ukweli ni kwamba niliona aibu kuonekana mbele ya tajiri kuwa namwogopa fundi. Nilipanda. Nikalivuta lile fundo, likakaza. Nikalivuta tena, likakaza zaidi. Nikatoa kisu cha kukatia kamba za magunia, nikakikata kitambaa upande wa pili, fundo likabaki zima. Nikakitia mfuko wa shati. Mkono haukuvimba.

Nikitoka mjini watu wawili walinisimamisha, wakapanda juu ya magunia kama ilivyokuwa kawaida siku zile. Mmoja ni mama wa Ngulyati aliyekuwa anampelekea binti yake mchele, maana amejifungua. Wa pili ni mzee wa Zagayu, anakwenda kumwona mwanawe hospitali. Yule mama aliniamkia kwa furaha, "Mwangaluka, baba!" na akanirushia muwa dirishani.

Breki zilishika vizuri njia nzima, na nikaanza kumcheka fundi moyoni na ngozi zake. Kulikuwa na mteremko mmoja kabla hujafika Nyashimo, wenye kona chini. Nilikanyaga mara ya kwanza, ikashika. Mara ya pili ikashika kidogo. Mara ya tatu pedali ilikuwa ngumu, nilikanyaga jiwe. Nikatafuta gia ndogo, ikakataa, na usukani nao ukawa mzito mikononi kama unageuza jiwe la kusagia. Kona sikuiweza. Lori lililala kwa ubavu, na magunia yakawafunika waliokuwa juu yake.

Fundi ndiye aliyenitoa kwenye kabini. Aliporudi kutoka kulijaribu lile lori jingine alikuta la kwangu halipo, akamuuliza bosi nani kaliondoa. Bosi akamjibu, "Si umelifungua mwenyewe?" Hakubishana. Mwenzangu alinisimulia kuwa alisimama pale akiitazama mikono yake, kisha akarukia kabini akasema geuza, mfuate, mfuate. Wakaja mbio. Walifika watu wameshaanza kuondoa magunia, na ile miili miwili imelazwa kando ya barabara, imefunikwa khanga za wapita njia. Mguu wangu ulikuwa umebanwa chini ya dashibodi. Aliingia kwa dirisha, akaukata ule mti wa gia kwa msumeno, akanivuta. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kabisa.

"Dereva. Kitambaa kiko wapi?"

Kilikuwa kifuani mwangu, ndani ya mfuko. Nilikihisi.

"Sikukikuta, fundi. Nilikuta stelingi iko wazi."

Alinitazama. Sikuona shaka machoni mwake, na hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Hakunitilia shaka hata kidogo. Alifumba macho, akasema taratibu, "Basi ni mimi."

Kituoni alisema hivyo hivyo. Nililetewa habari wodini. Walipomuuliza kama ndiye aliyekifungua, alijibu: "Nakumbuka kimoja. Cha pili sikumbuki. Lakini hakuna dereva wa hapa anayefungua kitambaa changu. Kama hakikuwepo, nimekifungua mimi nikidhani ni gari lile jingine." Alijifunga mwenyewe kwa heshima aliyokuwa ametupa sisi. Mimi nami nikaandikisha niliyoyasema mteremkoni, bosi akaandikisha yake, yakalingana. Walimweka ndani siku kadhaa, wakamwachia, kesi ikafia njiani kama zinavyokufa. Waliofiwa ndio hawakuwa na pa kuiachia yao.

Alikuwa na ng'ombe wawili tu. Aliwaswaga mwenyewe kwa miguu, mmoja akampeleka Ngulyati, wa pili Zagayu, akapiga magoti kwenye nyua za watu na kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Ngulyati walimpokea. Zagayu walimpokea ng'ombe, yeye hawakumpa hata kiti. Mkewe alimwambia mke wangu kuwa aliporudi alilala siku mbili.

Hakufungua pampu tena. Mabati manne aliyaondoa kando ya ghala, akahamia kijijini, akawa anatengeneza baiskeli na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Nilipopona nilimpelekea lori mara moja, nadhani nilitaka Mungu anione nimempelekea. Ilikuwa pampu ya stelingi, kazi ndogo. Alilizunguka lori zima, akapeleka mkono kwenye boneti, akaurudisha. "Hii mikono siiamini," akasema. Akanipa chai.

Ile chai niliinywa. Niliinywa mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, kila nilipopita njia ile. Niliona jinsi alivyobadilika. Akifunga mlango wa nyumba anarudi kuusukuma, anakaa, anainuka tena kuusukuma. Akikaza nati ya baiskeli anamwita jirani aje aiguse, athibitishe. Kile kichwa kilichokuwa kinamshinda tajiri na padre sasa kilikuwa kinamuuliza mtoto kama amekwishatia chumvi kwenye chakula chake. Na mimi niliyekuwa na jibu lake ndani ya sanduku la nguo, chini ya suruali ya harusi, nilikuwa namwambia, "Fundi, usiwaze sana. Ni kazi ya Mungu." Mungu anisamehe kwa kumsingizia.

Mara ya mwisho nilikwenda kwa sababu niliambiwa amevimba miguu na hatoki tena. Nilikwenda asubuhi, na safari hii nilifungua sanduku. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba mlangoni, amekonda, ile mikono mikubwa imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Nikamwamkia, akaitika. Mkewe akaleta uji, akakaa kando kuchambua mchicha.

"Dereva," akasema, "umekuja vizuri. Nataka nikuulize neno, maana nitakwenda nalo. Siku ile nilifungua kile cha kwanza. Nauona mkono wangu ukifungua. Lakini kila nikiutazama mkono, gari silioni. Wewe ulikuwepo. Uliniona nikipanda kwenye gari lako?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nilitia mkono mfukoni, nikakitoa kitambaa, nikakiweka mapajani mwake.

Wekundu ulikuwa umekwisha, kimebaki rangi ya kutu. Alikiinua karibu na macho. Aliupapasa upande uliokatwa, ncha mbili zilizonyooka za kisu. Kisha vidole vikafika kwenye fundo, vikasimama.

"Hili ni langu," akasema.

"Ni lako, fundi. Halijafunguliwa. Nilikata mimi."

Mkewe aliacha kuchambua. Sikumtazama. Nilisikia pumzi yake, na nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, si kwangu wala kwa mumewe, "Ameniuliza kuhusu mlango kila siku. Kila siku."

Fundi aligeuza lile fundo kwenye mwanga, akatafuta mahali pake kwa dole gumba. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka pale ilipogusa fundo. Ilipoligusa ikatulia. Akasukuma mara moja tu, na fundo lililonishinda mimi kwa nguvu zangu zote za ujana likafunguka, vipande viwili vya kitenge vikaanguka mapajani mwake. Alivitazama kwa muda mrefu. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. Nikaona machozi yakishuka, lakini uso wake haukukunjamana, ulikuwa kama uso wa mtu anayetua mzigo na bado mgongo haujaamini.

Akavikunja vile vipande, kimoja juu ya kingine, akampa mkewe. Kisha akaniangalia.

Nilijua maneno yake ni yapi kitambaa kikifunguliwa: haya, nenda, usikimbie. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi mno kando ya lile ghala, na makofi mawili mlangoni. Nilikaa pale nikiyangoja. Uji ulipoa, ukafanya utando. Jua likahama kutoka mlangoni likaenda ukutani, kuku wakaingia na kutoka, mkewe akainuka akaenda kuchota maji na akarudi. Yeye aliendelea kuniangalia, bila hasira ninayoweza kuieleza, na maneno yale hakuyasema. Jioni nilisimama mwenyewe nikaondoka.